Kitovu cha Jagi

Nimeligeuza kichwa chini
kama mkunga anavyomgeuza mtoto aliyekataa kulia.
Kitakoni hakuna muhuri, hakuna herufi,
hakuna hata gundi kavu ya karatasi iliyobanduka.
Lipo kovu tu, duara la ukubwa wa senti,
limenikwaruza kidole cha shahada:
hapa ndipo fimbo ya chuma ilipokatwa.
Kitovu, basi, kipo.
Kilikozikwa ndiko ninakokutafuta.

Sanduku zima nimelinunua dola kumi na moja,
bonde la Ohio, upande wa Virginia Magharibi,
nyumbani kwa marehemu Arvilla Lemasters,
karani wa posta, hakuolewa.
Vijiko vyake alivifunga uzi, sita sita.
Jagi hili lilikuwa peke yake
ndani ya soksi ya kiume.

Jikoni nimezima taa, nikawasha ile ya zambarau.
Glasi nyingine zingetoa kijani cha kimulimuli.
Hili limenyamaza.
Nimeligonga kwa ukucha: nge,
fupi, kama mtu aliyeitwa na tonge liko kinywani.
Kwenye mizani ya unga, gramu mia sita na nane.
Mshono wa kalibu sikuuona. Limepulizwa.
Rangi yake wino wa bluu uliozidishwa maji.
Nimefungua katalogi tatu,
na viwanda vikajipanga mezani
kama ndugu wa marehemu siku ya kugawa urithi,
kila kimoja kinadai, ushahidi hakina.
Mdomo ni wa hawa, shingo si yao.
Mwenye macho haambiwi tazama,
nami nina macho, na miwani juu ya macho,
na bado nilihitaji kuambiwa.

Nikampelekea Wilda Cutlip,
aliyekaa miaka thelathini na mmoja
kiwanda cha ng'ambo ya reli, mwisho wa mkanda,
kazi yake kutazama na kuvunja.
Kiputo: pipani. Mdomo umepinda: pipani.
Glavu moja ya ngozi, nyundo ndogo.

Kahawa hakunikaribisha.
Alilielekeza jagi dirishani
akaona nilichokuwa nikikiita pambo,
viputo viwili ubavuni, vimebanana.
"Hili halikupita mezani kwangu," akasema.
"Ningelivunja."

Lilitokaje, basi?

"Kwenye kopo la chakula. Zamu ya usiku,
masalio ya chungu, msimamizi yuko chooni.
Wote walifanya. Bata, fimbo, kengele za watoto wao.
Wewe ungegonga muhuri
juu ya kitu ulichoiba?"

Kisha akaacha kutazama, akashika.
Mkono wa kulia, jagi likamkataa.
Wa kushoto, na kidole gumba kikakaa
mahali pake, kama mgeni anayejua kiti.
"Mashoto," akasema, sasa polepole.
"Ile zamu ilikuwa na mashoto mmoja."

Penseli yangu ilikuwa tayari.
Jina?
Akaniuliza nimelitoa nyumba gani.
Nikamwambia. Nikaitaja na soksi,
upumbavu wangu.
Friji ikanguruma, ikazima.
"Mkewe yu hai," akasema Wilda.
"Jumapili tunaimba kwaya benchi moja."

Nikavitazama vile viputo.
Labda ni hewa ya tanuri, labda ni pumzi yake mwenyewe,
imekaa humo nusu karne
na haijatoka kusema lolote.

Kwenye kadi nikaandika: Jagi. Bluu. La kupuliza.
Mtengenezaji,
halafu nukta mbili,
halafu nikaifunika penseli.

"Unaliuza kiasi gani?" akauliza Wilda.
Bado alikuwa amelishika kwa kushoto.
Mkono wake wa kulia ulikuwa ukipapasa
ndani ya mfuko wa aproni.
Sikungoja kuona kama ni pochi.
Nilinyoosha mikono yangu yote miwili.